Kupanga apatimenti karibu na chuo mjini: maliza kazi yote kabla hujatoa hela

Kila muhula ukikaribia kufunguliwa nasikia swali lile lile toka kwa wanafunzi, nimepata sehemu dakika tano toka geti la chuo, nilipie sa hivi au nisubiri kidogo, na mara nyingi anayeuliza ukimdadisi vizuri unakuta ameshatuma hela ya kushikia chumba. Sasa nianzie hapo hapo. Kabla hujalipa we ndo unatafutwa, mwenye nyumba anapokea simu yako ikiita mara moja, dalali anakufata mpaka kituoni, koki ikionekana mbovu unaambiwa fundi anakuja kesho asubuhi. Ukishalipa na kusaini we ndo unaanza kumtafuta yeye. Kwa hiyo kukagua, kupiga hesabu, kuuliza, kuandikishana, vyote hivi vinatakiwa viishe kabla hela haijatoka, na hata kama muda ni mdogo ni bora uruke vingine lakini usibadilishe huo mpangilio.

Hesabu kwanza, picha baadae

Kodi iliyoandikwa kwenye tangazo sio gharama yako, ni mwanzo tu wa hesabu. Swali la kwanza ni mkataba ni wa miezi mingapi, kwa sababu wanafunzi wengi wanakaa mjini miezi 9 au 10 halafu wanarudi kwao likizo ndefu, ila nyumba nyingi zinapangishwa kwa miezi 12 kamili. Chukulia kodi ni 600 kwa mwezi, mara 12 ni 7,200, ukigawa kwa miezi 9 ambayo kweli unalala pale inakuja 800 kwa mwezi. Sasa ukipata sehemu ya 700 ambayo mwenyewe anakubali mkataba wa miezi 9 utalipa 6,300 tu mwaka mzima, ingawa kwenye tangazo ile ya 600 ndo ilionekana rahisi. Kama mkataba wa miezi 12 hauepukiki basi uliza kama unaruhusiwa kuweka mtu mwingine kwenye chumba chako wakati wa likizo, na jibu la ndiyo liwe limeandikwa kwenye mkataba maana ndiyo ya mdomoni inasahaulika haraka sana.

Kodi inayotajwa kwa wiki nayo ina mtego wake. Watu wengi wanazidisha kwa 4 wanaona basi hiyo ndo kodi ya mwezi, lakini mwaka una wiki 52, ukigawa kwa 12 unapata wiki 4 na theluthi moja, kwa hiyo 100 kwa wiki ni kama 433 kwa mwezi wala sio 400. Kwa mwaka tofauti inafika 400, yani karibu kodi ya mwezi mzima ambayo hukuipangia bajeti, na inakukuta wakati ambao hela ya kujikimu imeshaisha.

Bili usiulize kwa ujumla, uliza moja moja kwa jina. Umeme, maji, gesi, intaneti, taka, mlinzi, usafi wa ngazi na korido, paking kama una chombo. Ukiambiwa bili zote zimo ndani ya kodi uliza kuna kikomo au hamna, kwa sababu wengine wanaweka kikomo na kinachozidi mnalipa wenyewe mwisho wa mwezi. Na kama umeme mnagawana sawa na wenzako kwenye mita moja, jua kwamba vitu vinavyokula umeme ni vile vinavyotengeneza joto. Uniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja. Shawa ya umeme ya wati 4,500 mtu akioga dakika 10 ameshatumia robo tatu ya uniti, na laptopu ya wati 60 itabidi iwake masaa 12 na zaidi ndo ifikie hapo. Kwa hiyo mwenzako anayeoga maji moto asubuhi na jioni au anayewasha hita usiku kucha ndo anaamua bili yako, sio taa unayosomea.

Usafiri sasa. Mtu mzima kwa mwendo wa kawaida anatembea kama kilometa 5 kwa saa, kilometa moja ni dakika 12 hivi. Dakika tano za kwenye tangazo mara nyingi zimepimwa kwa pikipiki au kwa matumaini, kwa hiyo itembee hiyo njia mwenyewe ukiwa na begi lako, muda ule ule ambao utakuwa unaenda kipindini, na uhesabu mpaka mlango wa darasa maana kampasi nyingine geti liko huku na kitivo chako kiko upande wa pili kabisa. Kama ni mbali ya kupanda basi, kwenda na kurudi siku 20 za mwezi ni nauli 40, jumlisha na kodi ndo ulinganishe na sehemu ya karibu. Ila pia sio kila cha karibu ni bora, mi naona chumba kilicho kwenye njia ya basi la moja kwa moja, barabara ina taa na watu mpaka usiku, kinaweza kumzidi yule anayekaa karibu lakini anapita kichochoro cha giza akitoka maktaba saa nne usiku. Hili kwa wadada ni la kuangalia zaidi, na usione aibu kuliuliza kwa wanaoishi pale.

Halafu kuna hela za kuingilia, hapa ndo watu wanachanganywa. Kodi ya mbele ni kodi, inatumika miezi yako ya mwanzo. Dipoziti ni hela yako inayoshikiliwa na mwenye nyumba, inatakiwa irudi ukitoka bila kuharibu wala kudaiwa. Hela ya dalali hairudi. Na kuna hela ya kushikia chumba, hii muulize mapema nikighairi inarudi? nikipanga inakatwa kwenye kodi au ni ya kwako moja kwa moja? Risiti iandike kila hela kwa jina lake, kwa sababu ukiandikiwa jumla tu, siku ya kuondoka utaambiwa ile yote ilikuwa kodi.

Pa kutafuta

Wiki mbili za mwisho kabla chuo hakijafunguliwa ndo kila mtu yuko barabarani, vilivyobaki ni vile walivyovikataa wenzako na bei imepanda. Muda mzuri ni mwisho wa mwaka wa masomo, wanaomaliza wanapoanza kufunga mabegi, na hao wa mwaka wa mwisho ndo watu wa kuwatafuta kwanza kabla hata ya dalali. Yule amekaa pale mwaka au miwili, anajua maji yanakatika siku gani, anajua mwenye nyumba akipigiwa simu anapokea au hapokei, na hana faida yoyote kukudanganya. Vyuo vingi pia vina ofisi ya malazi au ya mlezi wa wanafunzi, na serikali ya wanafunzi, wengine wana orodha ya nyumba na watakusomea mkataba bure kabisa. Watu hawaendi kwa sababu hawajui kama ipo. Nenda.

Kwa mtandaoni angalia sana. Tapeli wa nyumba ana mwendo wake na haubadiliki sana, bei iko chini mno ukilinganisha na majirani, picha ni nzuri kuzidi jengo lenyewe, mwenyewe yuko safarini au nje ya nchi hivyo hawezi kukuonyesha, funguo atakutumia ukishalipa, na kuna watu wengine watatu wanaingojea kwa hiyo amua leo. Ukikuta mawili tu kati ya hayo ondoka. Chukua picha za tangazo uzitafute kwenye intaneti kwa picha, zikitokea kwenye jengo la mji mwingine au kwenye tangazo la hoteli umeshapata jibu lako. Kama uko mkoani na huwezi kufika, mtume mtu unayemfahamu, au omba vidiokoli ya moja kwa moja, sio video iliyorekodiwa, na umwambie aanzie nje barabarani, aonyeshe namba ya jengo, apande ngazi, afungue mlango kwa funguo, afungulie bomba. Anayepangisha kweli atafanya hivyo, itamchukua dakika 10.

Na ujue unamlipa nani. Mwenye nyumba, msimamizi wake, au mpangaji anayekupangisha wewe chumba chake? Huyu wa tatu sio lazima awe mwizi, lakini kama mwenye nyumba hajui na hajakubali, siku moja unagongewa mlango unaambiwa toka na huna pa kulalamikia. Omba kuona karatasi inayomhusisha na nyumba na kitambulisho chake, na jina la akaunti au namba ya simu unayotumia hela lifanane na jina la kwenye mkataba. Likiwa tofauti uliza kwa nini kabla ya kutuma.

Siku ya kwenda kuona

Nenda mara mbili kama inawezekana, mara moja mchana na mara moja usiku wa Ijumaa au Jumamosi. Mchana unaona nyufa na unyevu, usiku unasikia. Baa ya chini, ukumbi wa sherehe nyuma ya ukuta, jenereta la jirani, mbwa, hivi vyote saa sita mchana vimelala. Simama katikati ya chumba unachotaka kulala, funga dirisha, nyamaza dakika mbili, hicho unachosikia ndo utakuwa unasomea nacho wiki ya mitihani.

Beba chupa ya lita moja, chaja ya simu, na mtu mmoja wa kuongozana nae.

Ile chupa ni ya maji. Fungulia shawa au bomba mpaka mwisho, kinga, hesabu sekunde. Ikijaa ndani ya sekunde 10 hiyo ni lita 6 kwa dakika, unaweza kuoga vizuri na ndoo ya lita 20 inajaa kwa dakika tatu na kidogo. Ikichukua nusu dakika au zaidi jua asubuhi mnapoamka wote itakuwa matone. Usiishie hapo, acha maji yakitiririka bafuni halafu nenda kafungulie la jikoni uone lile la kwanza linapungua kiasi gani. Kama jengo linatumia tenki la juu ya paa, ghorofa ya mwisho kabisa ndo huwa na presha ndogo kuliko wa chini, kwa sababu nguvu ya maji inatokana na kimo, mita 10 za kwenda juu ndo zinakupa presha ya kama baa moja (baa ni kipimo cha presha), na tenki likiwa mita mbili tu juu ya kichwa chako huna hata robo ya hiyo. Uliza kama kuna pampu, uliza maji yakikatika tenki linakaa siku ngapi. Choo nacho, flashi uone kinajaa tena kwa muda gani, na kama una wasiwasi kinavuja weka rangi kidogo kwenye tenki lake la nyuma usiflashi, baada ya nusu saa rangi ikionekana kwenye bakuli basi maji yanapita kimya kimya usiku na mchana na bili ni yako.

Chaja ni ya soketi, jaribu kila moja. Sio umeme tu kuwepo, angalia soketi ya karibu na pale utakapoweka meza ya kusomea, maana kuna vyumba vina soketi moja tu nyuma ya mlango na maisha yote ni kuvuta waya sakafuni. Soketi yenye alama nyeusi ya kuungua au swichi ya moto ukiigusa ni ya kutengenezwa kabla hujaingia.

Mita hii nisikilizeni vizuri. Kuna jamaa yangu alikuwa anashangaa uniti zinaisha haraka na yeye hana hata friji, tukaenda kwake jioni tukazima taa zote, tukachomoa kila kitu, tukazima mpaka swichi kuu ya ndani, mita pale nje kile kitaa chake chekundu kikaendelea kuwaka na kuzima kama kawaida. Fundi alipokuja kufata waya akakuta pampu ya maji ya jengo zima na taa za korido zimeungwa kwake, kabla ya swichi yake kuu, na hata jirani mmoja hakuwa anajua. Kwa hiyo siku ya kuona, mwambie mwenye nyumba mzime kila kitu kwa dakika chache, nenda kaiangalie mita. Isimame kabisa. Mita ya maji vile vile, funga mabomba yote, kigurudumu kidogo cha ndani kisizunguke. Uliza pia mita hiyo ina deni la mpangaji aliyepita au hamna.

Unyevu unajificha nyuma ya rangi mpya. Ukiona chumba kizima kina rangi ya zamani halafu kona moja tu imepakwa juzi, ibonyeze kwa kiganja, kama ni baridi na laini laini maji yapo ndani. Fungua kabati uingize kichwa unuse. Angalia juu ya dirisha la bafuni, nyuma ya pazia, chini ya sinki. Ukungu kwa mwenye pumu ni shida ya kila usiku, na hautoki kwa kufuta na dawa kama chanzo cha maji hakijazibwa.

Kama chumba kina samani basi washa tochi ya simu, inua godoro, kagua mishono yake pembeni na maungio ya kitanda. Kunguni mkubwa ana milimita 5 hivi, unamuona kwa macho, lakini mara nyingi utaona kwanza vidoti vyeusi kama mtu amegusa na kalamu ya wino, na maganda membamba ya rangi ya kahawia. Kusikia kwamba chumba kimekaa tupu miezi miwili kusikutulize, kunguni anaweza kukaa miezi kadhaa bila kula. Mende ni wepesi kidogo kuwajua, washa taa ya jikoni ghafla usiku.

Dirisha linafunguka? Ghorofa ya mwisho chini ya paa na dirisha linalotazama magharibi ni joto la jioni mpaka usiku, kama huna feni fikiria. Simu inashika mtandao ndani au mpaka utoke barazani? Kama intaneti imo kwenye kodi omba neno la siri, pima spidi ukiwa chumbani kwako na mlango umefungwa, sio sebuleni pembeni ya kifaa chenyewe.

Usalama watu wanauangalia kwa kutazama geti tu. Geti ni sawa, lakini jiulize moto ukiwaka ngazini nitapita wapi. Dirisha lenye nondo zisizofunguka kwenye chumba chenye mlango mmoja ni hatari, omba nondo za kufunguka kwa ndani au chagua chumba kingine. Mlango wa nje uwe unafunguka toka ndani bila kutafuta funguo gizani. Kama maji ya moto yanatoka kwenye hita ya gesi iliyowekwa bafuni bila bomba la kutolea moshi nje, kataa, na jiko la mkaa usiliingize kwenye chumba kilichofungwa hata siku ya mvua, ile gesi ya kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, mtu anasikia kichwa kinauma na usingizi halafu haamki. Na kitasa, uliza kimebadilishwa tangu aliyepita atoke? Huyo wa zamani na rafiki zake wanaweza kuwa na funguo bado.

Ukimaliza gonga mlango wa jirani. Salimia, jieleze we ni mwanafunzi unataka kuhamia, uliza maji, umeme, wizi, na mwenye nyumba yukoje. Watu wanasema ukweli mwingi sana mlangoni kwao.

Mkataba

Usisainie pale pale mlangoni. Omba nakala uende nayo, usome umekaa, muonyeshe mtu mwingine, na anayekataa kabisa usiondoke na nakala ya kusoma mi simuamini. Vitu vya kutafuta ndani yake ni hivi, tarehe ya kuanza na kuisha, kodi na siku ya kulipa, faini ya kuchelewa, dipoziti ni kiasi gani na inarudi baada ya siku ngapi na inakatwa kwa sababu zipi, nani anatengeneza nini, kodi inaweza kupandishwa lini, notisi ya kutoka ni muda gani kwa kila upande, mwenye nyumba anatakiwa akupe taarifa gani kabla ya kuingia ndani, wageni wanaruhusiwa kulala au la, na mkataba ukiisha unajiendeleza wenyewe au unakufa. Hiki cha mwisho kimewagharimu wengi, unafikiri umemaliza kumbe ulitakiwa utoe notisi mwezi mmoja au miwili kabla na sasa unadaiwa. Na sheria za upangaji zinatofautiana toka sehemu hadi sehemu, nyingine zinaweka kikomo cha dipoziti au zinataka itunzwe pembeni, kwa hiyo uliza kule chuoni kwenye ile ofisi sheria ya hapo inasemaje kabla ya kukubali kifungu kinachokuumiza.

Kila kilichoahidiwa kwa mdomo, fundi atakuja, rangi itapakwa, meza italetwa, kiandikwe kwenye mkataba na tarehe yake. Kama mkataba umeshachapwa andikeni kwa mkono chini, wote mweke sahihi pembeni yake. Usiache nafasi tupu inayoweza kujazwa baadae, weka herufi za jina lako kila ukurasa, na uondoke na nakala iliyosainiwa na pande zote mbili.

Mkiwa wawili au watatu kuna swali kubwa kuliko yote hapa, je mnasaini mkataba mmoja wote au kila mtu wa kwake kwa chumba chake? Mkataba mmoja mara nyingi maana yake kila mmoja anawajibika kwa kodi yote, yani mwenzenu akiacha chuo mwezi wa tatu akaondoka, mwenye nyumba hamtafuti yeye anawadai nyie mliobaki, na ana haki hiyo. Mikataba tofauti inakulinda, hata kama kodi iko juu kidogo mi ningeichukua. Kama hamna jinsi basi ombeni kiwekwe kifungu kwamba anayeondoka anaweza kuleta mtu wa kumrithi. Hivyo hivyo kwa mdhamini, kama mzazi au mjomba anatakiwa akusainie kwa sababu huna kipato, aombe iandikwe anadhamini sehemu yako tu na kwa muda wa mkataba huu tu, sio nyumba nzima na sio milele. Mweleze mapema, usimpelekee karatasi saa ya mwisho akasaini kwa kukuonea huruma.

Watu utakaokaa nao

Rafiki mzuri darasani sio lazima awe mzuri ndani ya nyumba. Kaeni chini kabla ya kusaini, muongee vitu vidogo vidogo ambavyo watu wanaona aibu kuviongea, unalala saa ngapi, mpenzi wako atakuwa analala hapa mara ngapi, unavuta sigara, vyombo unaosha lini, ukichelewa kodi utatuambia mapema? hela ya bili inakusanywa na nani na tarehe ngapi? Andikeni ukurasa mmoja, kila mtu aweke sahihi. Haina nguvu sana mahakamani lakini siku ya ugomvi mnaifungua mnasoma.

Vyumba vikiwa tofauti, kimoja kikubwa kina choo ndani na kingine kidogo, msigawane kodi nusu kwa nusu halafu mmoja akakaa na kinyongo mwaka mzima. Fanyeni hivi, mmoja apange bei ya kila chumba jumla ifike kodi yote, mwingine achague kwanza. Aliyepanga bei hatadhulumu kwa sababu hajui atabakiwa na kipi. Kwa wawili hii inafanya kazi vizuri sana, mkiwa watatu kila mtu aandike kwa siri angekubali kulipa kiasi gani kwa kila chumba halafu mfungue pamoja mpatane.

Ukishapata funguo

Siku ya kuingia, kabla hujaingiza hata godoro, piga picha na video ya kila ukuta, dari, sakafu, ndani ya kabati, jiko, sinki, choo, vioo, funguo ulizopewa, na namba zilizopo kwenye mita ya umeme na ya maji. Ukiona mkwaruzo piga kwa karibu halafu piga tena kwa mbali ili ijulikane ni ukuta gani. Zitume zote kwa mwenye nyumba siku hiyo hiyo kwa barua pepe au meseji, na maneno machache tu, hivi ndivyo nilivyokuta nyumba tarehe fulani, ili tarehe ibaki kwako na kwake. Kuanzia hapo kodi lipa kwa njia inayoacha alama, kama ni keshi basi risiti kila mwezi, na kitu kikiharibika toa taarifa kwa maandishi hata kama mmeshaongea kwenye simu, kwa sababu bomba linalovuja usipolitolea taarifa ndo baadae linakuwa kosa lako.

Kutoka ni hivyo hivyo kwa kurudi nyuma. Toa notisi kwa maandishi ndani ya muda uliopo kwenye mkataba, safisha, zibeni matundu ya misumari, piga picha zile zile za kona zile zile, soma mita, lipa bili ya mwisho uchukue uthibitisho, na omba mkague pamoja na mwenye nyumba ukiwepo. Rangi iliyopauka na sakafu iliyochakaa kwa kukanyagwa ni uchakavu wa kawaida, katika sehemu nyingi haukatwi kwenye dipoziti, kioo kilichovunjika au mlango uliotobolewa huo ni uharibifu na utalipa. Akitaka kukata aorodheshe kitu na bei yake, na hapo ndo unafungua zile picha za siku ya kwanza. Funguo mkabidhi mkononi, ahesabu mbele yako, akuandikie amepokea funguo ngapi, tarehe gani, na dipoziti atairudisha lini na kwenye akaunti ipi.